Saa Niliyokuchagulia kwa Wivu

Qabale mwanangu,

Salaam aleikum. Isome hii ukiwa umekaa na viatu umevua. Umeenda kumuaga shangazi yako, nami namjua shangazi yako, hatakuachia kabla hajakulisha mara mbili. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Jerikeni zote za maziwa nimeziosha, nimezifukiza moshi na kuzipindua, sina kisingizio kingine. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika shuleni. Kiborana changu, hata hilo 'ayo' unaloniita badala ya mama, ni cha mdomo, na mdomo wangu leo ukiachiwa utakugombeza.

Sitakuandikia habari za kula, kulala, kuswali na kuvaa sweta huko kambini Iten kwenye baridi. Hayo umeyasikia mpaka masikio yamechoka. Nataka kukuandikia juu ya hiyo saa iliyo mkononi mwako, na juu ya mama yako mwenye wivu.

Ndiyo, wivu. Nimeliandika neno lenyewe. Baba yako hakuwahi kuniletea mke mwenza, alhamdulillahi, nami nikadhani nitakufa bila kuujua uchungu huo. Wewe umeniletea wawili kwa mpigo: Kocha Jepkemoi, na saa.

Huyu Kocha alikuona mara moja tu, kwenye yale mashindano ya Meru, akakuomba namba ya simu. Mara moja! Mimi nimekutazama ukikimbia tangu ulipokuwa ukifukuza mbuzi wa jirani bila kutumwa. Ukirudi kutoka barabara ya Leparua nilikuwa nasimama mlangoni na kikombe cha maji. Ukikinywa papo hapo, nilijua mbio zilikuwa nzuri. Ukikiweka chini kwanza na kushika ukuta, nilijua umejichosha mpaka ndani, na siku hiyo sikukutuma popote. Hakuna aliyenifundisha. Halafu mtu ananipigia simu kutoka mbali, sauti tamu, anasema, "Mama Qabale, akikuja kambini aje na viatu pea mbili na saa ya kupima umbali na mapigo ya moyo. Nataka nijue mwili yake inasema nini."

Nilijibu sawa. Moyoni nilisema, kama unataka kujua mwili wake unasema nini, niulize mimi.

Kwa hiyo nikakwambia kazi ya saa niachie. Ulinionyesha kwenye simu jina la saa ambayo Kocha amependekeza, nami nikasema sijabeba miwani. Miwani ilikuwa mfukoni, Qabale. Niliishika kwa vidole wakati nasema hivyo.

Nilienda peke yangu kwa Hassan, yule wa simu na saa karibu na stendi. Alikuwa na heshima zake kama kawaida, akanipa kiti, akaniuliza swali moja tu la maana: "Mama, huyu msichana yako anakimbia mbali namna gani?" Hapo ndipo nilipoharibu.

Unatujua sisi. Babu yako kule Sericho alipoulizwa ana ngamia wangapi, alijibu, "Wale wachache Mungu ametuachia," na nyuma yake boma limejaa mpaka ngamia wanakanyagana. Hata yeye mwenyewe hakuwahesabu. Jioni alisimama mlangoni akawatazama wakiingia, na kama mmoja hayupo, alijua ni yupi kwa kukosa kuiona sura yake. Kitu unachokipenda hukitaji ukubwa wake mbele za watu, kwa sababu hujui nani amesimama pale na jicho la namna gani. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Na pale dukani, nyuma yangu, alikuwapo mwanamke mmoja wa sokoni akichagua chaja. Simtaji. Binti yake alikimbia nawe shule ya msingi na siku zote ulimwacha nyuma. Nikaona ameacha chaja anasikiliza.

Nikamwambia Hassan, "Huyu? Anakimbia kidogo tu, hapa na hapa. Anapunguza mwili."

Wewe, mwenye miguu kama ya swala! Hassan akanipa saa ya kupunguza mwili. Tena nikamuuliza kama inatuma habari kwa mtu mwingine aliye mbali. Akasema hiyo haina mambo mengi. Nilifurahi, nikalipa, nikarudi nyumbani natembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Ukaivaa Jumapili kwa mbio ndefu. Uliporudi hukunywa maji wala hukushika ukuta. Ulisimama ukaitazama ile saa, kisha ukanitazama mimi.

"Ayo, hii kitu inasema nimekimbia nusu tu."

"Labda umekimbia nusu."

"Ayo! Nimefika mpaka ng'ambo ya Leparua. Hii haijui barabara. Inahesabu tu vile mkono inaenda. Ni ya wazee wa kutembea."

Na mkono wako wa kushoto hauendi. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuharibia mkono huo. Ulijifunza kukimbia ukinibebea kibuyu cha maziwa, umekikumbatia kifuani kisimwagike, na mpaka leo mkono huo unakaa kifuani hata kama hakuna kibuyu. Saa iliyofungwa hapo iliona mtu aliyetulia. Nilikuwa nimemwambia Hassan uongo, na saa ikaukubali uongo wangu na kuurudia kwako. Nilicheka kidogo, halafu nikaona uso wako, nikaacha.

Tulirudi dukani pamoja. Hassan hakukasirika, ila alijitetea mbele ya wateja: "Mama, si wewe ndio uliniambia hapa na hapa? Mimi nikakupatia ya hapa na hapa." Watu wakacheka. Akauliza tena unakimbia mbali namna gani, na wewe hukujibu. Ulinitazama, ukaniachia mimi niseme. Sijui kama ulikuwa unaniheshimu au unanitesa.

Nikasema. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino, lakini nikasema kwa sauti. Nikasema mwanangu anatoka Bulla Pesa, anaipita Leparua na kurudi, na sisi wengine bado tunatafuta viatu. Nikasema hakuna msichana katika mji huu anayemweza. Nikatia mashallah juu yake, nikasubiri kitu kianguke. Hakuna kilichoanguka. Mzee mmoja aliyekuwa akiweka vocha alisema mashallah na yeye, akakuombea dua, akaendelea na vocha yake.

Basi ndipo tukachagua kama watu wenye akili. Ile yenye kioo kikubwa kinachong'aa niliipenda mimi, ukaniuliza itakusaidia nini ikiisha chaji katikati ya barabara. Ile ya kugusa kioo kwa kidole ukaikataa kwa sababu kidole chenye jasho hakisikilizwi, ukataka yenye vitufe vya kubonyeza. Zile nene zilikataliwa na mkono wako mwenyewe, zilikuwa zinazunguka kama bangili. Ikabaki moja nyeusi, nyepesi, isiyo na urembo wowote, inayofuata setilaiti badala ya kubahatisha kwa mkono. Ukaigeuza, ukaangalia simu yako, ukaanza kutabasamu. Ilikuwa ileile ya Kocha.

Nusura nikwambie uirudishe kwenye kabati. Nakuapia, nilianza kutafuta kasoro, nikauliza kwa nini mkanda wake ni wa mpira. Hassan akasema wa mpira unaoshwa. Tukainunua.

Nimekuandikia yote haya, na ulikuwepo, kwa sababu hukuwa ndani ya kichwa changu. Huko uendako utakutana na watu wazuri watakaokuuliza unaweza nini. Usinifuate mimi. Nilikufundisha kujipunguza, na nilikufundisha kwa mapenzi, lakini mtu akitaka kukusaidia na ukampa nusu ya habari, atakupa msaada wa nusu. Kocha akikuuliza, mpe yote. Ona, sentensi hiyo nimeiandika bila kufuta neno.

Sasa lile la paka.

Ulikuwa unafua nyuma ya nyumba na saa ulikuwa umeiacha mezani. Nikaivaa. Sikuwa nataka kuijaribu kama nilivyokwambia baadaye. Nilitaka kujua ina nini. Niliifunga ulivyonionyesha, juu kidogo ya mfupa wa mkono, ishike bila kubana, na kile kitaa cha kijani chini yake kikaanza kupepesa kwenye ngozi yangu. Nikakaa kuchambua mchele. Ndipo simu yako ikalia, ukapokea kwa spika kwa sababu ya sabuni mikononi, na dirisha lilikuwa wazi. Kocha akakusalimu, akauliza habari ya nyumbani, halafu akauliza, "Na ile mguu? Bado inauma huko nyuma ya goti?"

Ukamwambia maumivu yanapungua. Ukamwambia yalikunyima usingizi siku ile ya mvua. Ukamwambia unaogopa.

Mimi niliyesimama mlangoni na kikombe cha maji miaka yote hii sikujua una goti linalouma.

Jioni ulifungua simu kuangalia saa ilivyosoma, ukaona mstari umelala tambarare kama njia ya Sericho, halafu ghafla kilima. "Ayo, ulikuwa umevaa hii? Hapa ulikuwa unafanya nini? Moyo yako imepanda kama mtu anakimbizwa."

"Nilimfukuza paka."

"Saa hii inasema ulikuwa umekaa."

"Nilimfukuza kwa mdomo."

Ulicheka sana. Kisha ukaacha kucheka, ukahesabu kitu kichwani, nikakuona umekumbuka ni saa ngapi Kocha alipiga. Ulinimiminia chai ukaniwekea sukari nyingi kuliko kawaida, na hatukuongea juu ya jambo hilo tena mpaka leo ninapoliandika.

Basi nikuambie nilichokuwa nafikiri wakati ninakunywa ile chai ya sukari. Kwanza nilimchukia Kocha. Halafu nikakukasirikia wewe. Halafu, chai ikiwa imeshapoa, nikajiuliza kwa nini hukuniambia, na jibu nililijua kabla ya kumaliza kujiuliza. Ungeniambia, ningeitumia habari hiyo kukuzuia. Ningelishika lile goti lako kwa furaha, ningesema mguu haujapona, ngoja mwaka ujao, kambi haikimbii. Ningempigia baba yako huko kwenye ngamia mpaka apande mlimani kutafuta mtandao anisikie. Ningekukanda kwa mafuta kila jioni, na ningeomba kimya kimya lisipone upesi. Ulinificha kwa sababu unanijua. Uliniweka pamoja na yule mwanamke wa chaja, Qabale, na ulikuwa na haki.

Nakuonea wivu wewe pia, nisikufiche. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa na miguu. Ndama wa ngamia akitoroka kule Sericho walikuwa wanatumwa wavulana, wakirudi mikono mitupu natumwa mimi. Hakuna aliyeniambia hiyo ni kazi ambayo mtu anaweza kupanda basi kwenda kuifanya. Nikiona unavyofunga kamba za viatu, jinsi usivyo na haraka, kama mtu anayejua barabara ni yake, kuna kitu kinanichoma hapa kifuani. Kisha nakuona umefika ile kona ya mwisho na kukunja, nakuwa na furaha mpaka naona aibu. Yote mawili ni yangu na sijui la kuyafanya.

Nadhani ulinionea huruma ndiyo maana ukanifanyia lile la juzi. Ulichukua simu yangu, ukaweka ile programu, ukaiunganisha na saa yako. "Ayo, sasa hata nikiwa Iten utaona nimekimbia wapi, nimelala aje, moyo inapiga aje. Utaona hata kabla ya Kocha." Nilikubusu paji la uso. Usiku ule nililala kama mtoto. Nilikuwa nimemshinda Kocha.

Na leo asubuhi ukaenda kukimbia mara ya mwisho hapa nyumbani.

Nilikuwa mezani kwangu sokoni, maziwa yameshafika, wateja wamesimama, na mimi nimeinamia simu. Kile kidoti chako kwenye ramani kilikuwa kinatembea. Mtu ananiomba lita mbili za susa, yale maziwa ya ngamia yaliyochachuka, namwambia ngoja, mwanangu yuko kwenye mlima. Nilikuona ukipita nyumba za mwisho. Nilikuona ukishika barabara ya Leparua. Moyo wako ulikuwa unapanda vizuri, na mimi napanda nao. Halafu kidoti kikasimama.

Nikangoja kiende. Hakikuenda. Nikafikiria goti, nyoka, gari, watu wabaya, yote kwa pamoja. Nikamwachia jirani yangu meza na maziwa na pesa, nikapanda boda ya kwanza niliyoiona, nikamwambia mwenye boda, "Barabara ya Leparua, na usiniulize."

Ulikuwa umekaa kando ya barabara chini ya ule mgunga uliokatwa matawi. Niliona shati lako la manjano kwa mbali. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukuita. Kisha nikaona umeinamisha kichwa kwenye magoti na mabega yanatikisika, nikaelewa hukuumia.

Ulikuwa unalia. Ulikuwa umekimbia mpaka mahali pasipo na shangazi, jirani, Kocha wala mimi, ili ulie kidogo kwa sababu kesho unaondoka. Na mimi nimekufuata hadi hapo nikiongozwa na kidoti.

Nilimgusa bega mwenye boda nikamwonyesha kwa mkono ageuze. Akageuza taratibu, bila kupiga honi, Mungu ambariki. Uliporudi nyumbani ulikuwa umenawa uso. Nilikuwa mlangoni. Nikakuuliza mbio zilikuwaje, ukasema, "Zilikuwa poa, ayo." Nikasema alhamdulillahi, nikakupa maji.

Kwa hiyo nimeitoa ile programu. Nimehangaika nayo tangu adhuhuri, na kwa bahati mbaya nimefuta pia picha zote za harusi ya binamu yako, usimwambie. Usiniwekee tena hata nikikuomba, na nitakuomba, najijua. Nitapiga simu siku ya kwanza nikiwa na sababu nzuri sana. Unikatalie.

Umbali wako na mapigo yako na usingizi wako mpe Kocha Jepkemoi, avitumie kukufanya uende kasi. Ni kazi yake, na nimesikia sauti yake vizuri siku ile ya spika: hakuuliza ili akuzuie. Mimi niambie utakachotaka kuniambia, siku utakayotaka. Kama ni goti, niambie goti, nami nitajaribu kusema pole tu na kuishia hapo. Kama hutaki kusema kitu, kimbia uende mbali ukalie, hakuna mtu atakayekuja na boda.

Na usidhani wivu umeisha. Siku utakapomtaja huyo Kocha kwenye simu kwa furaha, utanisikia nimenyamaza kidogo. Usiogope ule unyamavu. Ngoja, nitarudi kuongea.

Nimebaki na jambo moja tu la kukuambia, ambalo hakuna saa iliyolipima kwa sababu hukuwa umenivisha. Tulipokuwa tunarudi kutoka barabara ya Leparua, mwenye boda alinitazama kwenye kioo chake mara mbili, kisha akaniuliza, "Mama, ni vumbi imekuingia macho? Nipunguze mwendo?"

Nilikuwa nataka kusema ndiyo, ni vumbi. Nikamwambia hapana. Nikamwambia, "Ni mtoto yangu. Anaondoka kesho, na sitaki aende."

Ayo wako.